Mafahali wawili katika zizi la kompyuta

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Nilipokuwa ndiyo kwanza naanza kazi hii ya uandishi wa habari, nilitumwa Dodoma. Tiketi ya basi niliikata Kariakoo siku moja kabla ya safari, kiti namba 14, dirishani. Alfajiri nilipopanda basi nikamkuta mama mmoja wa makamo amekwisha kukaa pale, mtoto mapajani.

"Shikamoo mama. Samahani, nadhani hicho ni kiti changu."

"Marahaba mwanangu. Hiki nimekikata jana stendi. Hebu tazama."

Akanipa tiketi yake. Kiti namba 14, basi lile lile, tarehe ile ile, mhuri wa kampuni ile ile. Akaja kondakta, akazigeuza tiketi zetu mbele na nyuma, akakuna kichwa. Hakuna iliyoghushiwa. Kumbe kampuni ilikuwa na mawakala wawili, mmoja Kariakoo na mwingine stendi, kila mmoja na kitabu chake cha tiketi na mchoro wake wa viti. Utaratibu wao ulikuwa kwamba anayeuza kiti humpigia mwenzake simu ili akifute kwenye mchoro. Siku ile mtandao wa simu ulisumbua tangu asubuhi. Wakala wa stendi alipoona mwenzake hapatikani, akadhani kafunga ofisi, akaendelea kuuza viti vyote vilivyobaki. Yule wa Kariakoo naye akawaza hivyo hivyo na kufanya hivyo hivyo.

Nilimwachia mama kiti, nikasafiri wima mpaka Morogoro aliposhuka abiria mmoja. Wenzangu saba walikuwa na mkasa kama wangu, na si wote waliokuwa wapole.

Ndugu wasikilizaji, katika kisa kile hapakuwa na mwizi wala mwongo. Kila wakala alifanya kazi yake kwa uaminifu. Kilichokosekana ni kanuni ya kufuata pale wawili wanapopoteza mawasiliano: nani aendelee kuuza na nani afunge kitabu. Nimekikumbuka kisa hicho kwa sababu ugonjwa ule ule unazipata kompyuta zinazotunza fedha zetu, mafaili yetu ya hospitali na namba zetu za mita za umeme. Na kwa kuwa siku hizi hatuna tena kitabu cha karatasi cha kukimbilia, nadhani inafaa kila mwananchi aujue.

Tuanze na mashine zenyewe. Unapotuma fedha kwa simu, ombi lako husafiri mpaka kwenye kompyuta kubwa iitwayo seva. Seva nayo ni mashine tu: feni huungua, diski hufa, umeme hukatika. Kwa hiyo taasisi isiyotaka huduma isimame haiwekei tumaini lake seva moja. Huweka mbili au zaidi zikafanya kazi kama kundi. Moja huwa kiongozi, ndiyo inayopokea maombi na kuandika katika daftari. Nyingine huwa msaidizi: inanakili kila kinachoandikwa na kusubiri. Kiongozi akifa, msaidizi anashika usukani baada ya sekunde chache, na mteja huenda hata asijue kwamba kulikuwa na msiba.

Sasa msaidizi atajuaje kwamba kiongozi amekufa? Seva hizo hutumiana ujumbe mdogo kila baada ya muda mfupi, mathalani kila sekunde, wenye maana ya "nipo hai." Mafundi huuita mapigo ya moyo. Mapigo yakikosekana kwa muda uliopangwa, msaidizi anahesabu kwamba mwenzake keshakufa, naye anajitangaza kuwa kiongozi.

Hapo ndipo penye mtego. Kutosikia mapigo si ushahidi wa kifo. Huenda kiongozi amekufa kweli. Huenda ni mzima wa afya, ila waya uliokuwa baina yao umekatika. Huenda amezidiwa na kazi tu, akachelewa kuitika. Kwa aliye upande wa pili, hali zote tatu ni kimya kile kile. Hakuna programu, hata iandikwe na bingwa gani, inayoweza kukisikiliza kimya hicho na kusema kwa hakika kimetokana na nini.

Msaidizi akikosea, tunapata viongozi wawili, wote wazima, wote wakiandika, kila mmoja akiamini yuko peke yake. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wataalamu wa kompyuta wao wanauita ugonjwa huu ubongo uliopasuka, jina waliloliazima hospitalini. Katika karne ya 20 madaktari wa Marekani waliwatibu baadhi ya wagonjwa wa kifafa kikali kwa kukata fungu nene la mishipa ya fahamu linalounganisha nusu mbili za ubongo. Mwanasayansi Roger Sperry, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1981, pamoja na wenzake, waligundua kwamba kwa wagonjwa hao nusu moja ya ubongo iliweza kuonyeshwa kitu na nusu ya pili isiwe na habari nacho.

Madhara yake ni yapi? Tuchukue mfano. Mama ana akiba ya shilingi 300,000. Waya kati ya seva mbili unakatika, na kila seva inajifanya kiongozi. Mama yuko hospitali, analipa 250,000, na ombi lake linaangukia seva ya kwanza. Wakati huo huo mwanawe, aliyeruhusiwa na mama kutumia akaunti hiyo hiyo, analipa ada ya shule 200,000, na ombi lake linaangukia seva ya pili. Seva zote mbili zinatazama daftari, zinaona 300,000, zinasema fedha zipo, lipa. Baadaye waya unaunganishwa. Daftari moja linasema zimebaki 50,000, jingine linasema zimebaki 100,000, na ukweli ni kwamba zimetoka 450,000 katika akaunti yenye 300,000. Lipi ni sahihi? Hakuna. Ukichagua moja na kulifuta jingine, umefuta malipo ambayo yalifanyika kweli na risiti yake iko mkononi mwa mtu.

Fedha angalau zinaweza kurudishwa. Fikiria hospitali. Daktari ameandika katika seva moja kwamba mgonjwa huyu mwili wake unaikataa penisilini. Nesi wa wodini anasoma faili kutoka seva ya pili, na huko hakuna maandishi hayo. Hapo hatuzungumzii tena hesabu za kusawazisha mwisho wa mwezi.

Ugonjwa huu una dawa mbili kuu, na zote zinafahamika vizuri. Ya kwanza ni ile tunayoisikia bungeni: akidi.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 95, inasema akidi ya kikao cha Bunge ni nusu ya wabunge wote. Majirani zetu wa Kenya, katika ibara ya 121 ya Katiba yao ya mwaka 2010, waliweka wabunge 50 kwa Bunge la Taifa na maseneta 15 kwa Seneti. Kwa Bunge kanuni hizo zinatosha, kwa kuwa kuna ukumbi mmoja na Spika mmoja. Lakini kundi la seva waya ukikatika katikati, linakuwa na kumbi mbili zisizosikiana. Kama akidi ingekuwa nusu, kumbi zote mbili zingeweza kuwa na nusu, zote zingefungua kikao, na zote zingepitisha sheria. Kwa hiyo akidi ya kompyuta lazima izidi nusu ya wanachama wote walioandikishwa, si nusu ya wanaoonekana. Haiwezekani pande mbili kwa wakati mmoja zikawa kila moja na zaidi ya nusu ya kitu kile kile. Hesabu hiyo ya darasa la nne ndiyo ngao nzima.

Tuitazame inavyofanya kazi. Seva zikiwa tatu, akidi ni mbili. Ikifa moja, mbili zinaendelea. Ikitengwa moja na waya, hiyo moja inajihesabu, inajikuta peke yake, inasema "sina akidi," na kuacha kuandika hata kama ni nzima. Seva zikiwa tano, akidi ni tatu, na kundi linastahimili vifo viwili. Seva zikiwa nne, akidi bado ni tatu, maana yake kundi linastahimili kifo kimoja tu, sawasawa na lile la seva tatu. Ile ya nne imeongeza gharama, haikuongeza ustahimilivu. Ndiyo maana mafundi wanapenda hesabu ya witiri.

Na seva zikiwa mbili? Zaidi ya nusu ya mbili ni mbili. Ikifa moja tu, inayobaki haina akidi. Hapa ndipo taasisi nyingi hujidanganya. Mkurugenzi ananunua seva mbili, anaambiwa sasa una usalama, anaweka saini. Kwa kweli ana moja kati ya mambo mawili: ama mfumo unaosimama mashine moja ikifa, ama mfumo ambao mashine zote mbili ziko tayari kujitangaza kiongozi wakati wowote waya utakapokatika. Mbili bila mwamuzi zinaweza kuwa hatari kuliko moja, kwa sababu moja ikifa huduma husimama na kila mtu anajua, lakini mbili zikipasukana huduma inaendelea na hakuna anayejua.

Dawa yake si ghali. Anatafutwa wa tatu, shahidi. Shahidi anaweza kuwa kompyuta ndogo isiyotunza data yoyote ya wateja, kazi yake kupiga kura tu. Lakini aketi mahali pa tatu. Ukimweka shahidi chumba kimoja na mmoja wa wagombea, kwenye umeme ule ule na waya ule ule, chumba hicho kikizimika umepoteza kura mbili kwa mpigo, na anayebaki hana la kufanya.

Wazo hili la Bunge si mzaha wa mtangazaji. Mwaka 1998 mwanahesabu Leslie Lamport wa Marekani alichapisha makala aliyoieleza kama habari ya Bunge la kale katika kisiwa cha Paxos, Ugiriki, ambalo wabunge wake walikuwa na tabia ya kuingia na kutoka ukumbini wapendavyo, lakini sheria zao hazikupingana kamwe. Ilikuwa hadithi ya kubuni, ila hesabu zake ni za kweli, na mifumo mingi mikubwa ya leo imejengwa juu yake. Lamport alitunukiwa tuzo ya Turing ya mwaka 2013. Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford wakatoa utaratibu unaoeleweka kwa urahisi zaidi, unaoitwa Raft, ambamo kila uchaguzi una namba ya muhula wake. Kiongozi wa muhula wa 7 akikutana na amri ya muhula wa 8, anajua wakati wake umekwisha, anajiuzulu papo hapo.

Naam, ningependa kuishia hapo, lakini akidi peke yake haitoshi.

Turudi kwa mawakala wetu wa mabasi. Tuseme kampuni imeweka karani wa tatu, na kanuni ikawa kwamba wakala hauzi tiketi mpaka apate kura mbili. Wakala wa stendi ana kura zake mbili halali. Ameshika kalamu, ameanza kuandika namba 14. Ghafla anazimia. Wenzake wanamsubiri, hawamsikii, wanamchagua yule wa Kariakoo, naye anauza namba 14. Nusu saa baadaye wa stendi anazinduka. Yeye hajui kwamba alizimia. Kwake ni kama alipepesa macho tu. Kalamu iko mkononi, anamalizia kuandika, anagonga mhuri, anampa abiria tiketi.

Kompyuta huzimia hivyo mara kwa mara. Diski inagoma kwa sekunde kumi, programu inasimama kufagia kumbukumbu zake, kisha mashine inaendelea pale ilipoishia. Ikiwa katika muda huo kiongozi mwingine amechaguliwa, yule aliyezinduka anamalizia kuandika kwa mamlaka aliyokwisha kuvuliwa.

Kwa hiyo dawa ya pili ni uzio. Maana yake ni kwamba kiongozi mpya, kabla hajagusa daftari, ahakikishe kwamba wa zamani hawezi tena kuligusa. Asidhani. Ahakikishe. Namna kali kuliko zote inajulikana kwa kifupisho cha STONITH, na tafsiri yake kwa Kiswahili ni "mpige mwenzio risasi ya kichwa." Usiogope, ndugu msikilizaji, hakuna damu. Seva inatuma amri kwenye kifaa kinachogawa umeme, nacho kinakata umeme wa mwenzake. Kama alikuwa amekufa kweli, hakuna hasara. Kama alikuwa hai au amezimia, sasa tuna hakika. Shaka imeondolewa kwa nguvu.

Zipo namna nyingine za upole zaidi. Unaweza kumwacha mwenzio na umeme wake lakini ukamfungia njia ya kwenda kwenye diski. Unaweza kumfunga seva kila mmoja saa ndogo ya ulinzi ambayo ni lazima aichezee kila baada ya sekunde chache. Asipoichezea, au akiona hana akidi, saa hiyo inamzima na kumwasha upya. Na ipo njia ya mihuri yenye namba. Kila kiongozi mpya anapewa mhuri wenye namba kubwa kuliko uliotangulia, na daftari lenyewe linakumbuka namba kubwa liliyowahi kuiona. Yule aliyezinduka akija na mhuri namba 33 wakati daftari limekwisha kuona 34, daftari linamkatalia. Ni sawa na kondakta kukaa na mchoro wa viti mwenyewe na kusema: tiketi si tiketi mpaka mimi niiandike hapa, na mhuri wa zamani siupokei.

Jambo moja katika uzio halina mjadala. Amri ya kumzima mwenzio ni lazima ijibiwe "amezimika." Kama jibu halijaja, kiongozi mpya asianze kazi, hata kama wateja wanapiga kelele. Na amri hiyo ipite njia nyingine, si waya ule ule unaoshukiwa kuwa umekatika. Kampuni ya Red Hat ya Marekani, ambayo hutoa programu za makundi ya seva, haikubali kumhudumia mteja ambaye kundi lake halina uzio. Fundi anapofanya majaribio mezani mwake huuzima uzio ili usimsumbue. Hilo linasameheka. Lisilosameheka ni mfumo ule ule wa majaribio kuhamishwa ukawa wa kazi, uzio ukiwa bado umezimwa.

Huenda mtu akasema haya ni ya vitabuni. La hasha. Nitatoa mifano miwili ya kampuni moja ya Marekani, GitHub, ambako mafundi wa programu wa dunia nzima, wakiwemo vijana wetu, huhifadhi kazi zao. Kampuni yenyewe iliyaeleza yote haya hadharani, na kwa hilo inastahili sifa.

Desemba 22, 2012, ikiwa Jumamosi, mafundi wake walikuwa katika matengenezo ya mtandao. Mawasiliano kati ya vifaa yakaganda kwa kama dakika moja na nusu. Seva za kutunza mafaili zilikuwa zimepangwa mbili mbili, kila moja katika kabati tofauti. Kila seva haikusikia mapigo ya mwenzake, kila moja ikaamua kushika madaraka, ikatuma amri ya kumzima mwenzake. Baadhi ya amri hazikufika, kwa sababu mtandao wenyewe ndio uliokuwa mgonjwa. Mtandao uliporudi, seva katika jozi kadhaa zilikutana kila moja ikijiona ndiyo kiongozi, zikazimana. Jozi kadhaa zikabaki zote mbili zimelala. Mafahali walipigana mpaka wote wakaanguka. Somo lake ni lile nililokwisha kulitaja, kwamba mbili hazitoshi, na risasi isipite katika njia iliyokatika. Mafundi wengine huongeza kanuni ndogo: mmoja wa wawili hucheleweshwa sekunde chache kabla ya kufyatua, ili wasifyatue kwa pamoja.

Miaka karibu sita baadaye, Oktoba 21, 2018, saa 4:52 usiku kwa saa za kimataifa, ambazo kwetu ni saa 7:52 usiku wa kuamkia tarehe 22, mafundi walikuwa wakibadilisha kifaa kibovu cha nyaya za mwanga. Kituo kikuu cha data cha pwani ya mashariki ya Marekani kikakosa mawasiliano kwa sekunde 43. Sekunde 43 tu. Safari hii akidi ilikuwepo na ilifanya kazi yake: mashine za pwani ya magharibi na zile za upande mwingine wa mashariki zilihesabiana, zikajiona ni wengi, zikahamishia uongozi magharibi. Lakini upande wa mashariki ulikuwa umeandika mambo ambayo yalikuwa hayajavuka kwenda magharibi. Waya uliporudi, kila pwani ilikuwa na maandishi ambayo nyingine haina. Katika mojawapo ya makundi yenye kazi nyingi kuliko yote, maandishi hayo yalikuwa 954.

Uongozi ungeweza kusema 954 ni kitu gani, futa, tuendelee. Haukusema hivyo. Uliamua kwamba usahihi wa kazi za wateja ni bora kuliko kurudi hewani haraka. Huduma ilidorora kwa saa 24 na dakika 11 ili data irudishwe kutoka kwenye nakala na kulinganishwa. Sekunde 43 zilizaa siku nzima. Somo lake ni kwamba akidi humchagua kiongozi, lakini haiokoi ahadi ambazo kiongozi wa zamani alizitoa bila kumwambia mtu. Anayetaka usalama kamili asimwambie mteja "tayari" mpaka walio wengi wawe wameandika. Hilo linapunguza kasi, hasa vituo vikiwa mbali, na kila taasisi inapaswa kuchagua kwa macho makavu, si kwa kutojua.

Sasa haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo fedha za mkulima na mama lishe zimehamia ndani ya seva. Nasi nyaya zetu si za kuaminika kupita kiasi. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika katika bahari ya upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za ukanda wetu. Ukiongeza jembe la mchimba mtaro na umeme wa kukatika, utaona kwamba kwa mpangaji wa mifumo wa hapa kwetu, kukatika kwa mawasiliano ni jambo la kila msimu.

Kwa hiyo nina maneno kwa pande mbili.

Kwanza kwa wakuu wa taasisi. Fundi au mzabuni anapokuja na karatasi ya seva mbili, usiulize bei tu. Muulize: waya kati ya hizi mbili ukikatika na zote zikabaki hai, nani ataacha kuandika, na ni nani anayemlazimisha? Shahidi wa tatu yuko wapi, na je, anatumia umeme ule ule? Amri ya kumzima mwenzake inapita njia gani? Na la mwisho: mara ya mwisho mliuchomoa waya huo kwa makusudi ili muone kinachotokea ilikuwa lini? Akisema hapana haja ya kujaribu, ujue watakaoujaribu ni wateja wako, tena siku ya mishahara.

Pili kwa sisi wananchi. Tumezoea kukasirika tunapofika dirishani tukaambiwa "mtandao hakuna." Mara nyingi hasira zetu ni za haki, kwa kuwa uzembe upo. Lakini tukumbuke kwamba mashine iliyopoteza akidi ikanyamaza, imefanya lile ambalo wakala wangu wa Kariakoo hakulifanya. Ilipoona haimpati mwenzake, ilifunga kitabu. Utachelewa saa moja, utalalamika, kisha utalipwa fedha yako yote. Ningemshukuru sana wakala yule kama siku ile angeniambia, "Kaka, simu haipatikani, siwezi kukukatia tiketi mpaka nihakikishe." Ningenuna, ningerudi kesho yake, na yule mama asingeondoka Dar es Salaam kwa kugombana na mgeni huku mtoto akilia.

Taasisi zetu nazo ziwe wakweli. Zisijifiche nyuma ya neno "mtandao" kila mfumo unapoanguka. Zikisimamisha huduma ili kulinda hesabu za watu, ziseme hivyo waziwazi, na watu wataelewa. Zikikosa shahidi wala uzio kwa sababu ya kubana matumizi, zijue kwamba siku moja zitakuwa na abiria wawili wenye tiketi halali za kiti kimoja, na kondakta hatakuwa na la kuwaambia.